"Leo Utasalimia Nani?": Swali la Mama Espoir Kabla ya Sindano

Saa moja asubuhi, katika chumba kidogo cha kliniki ya ngozi mtaani Kinanira, Bujumbura, mwanamke mwenye koti jeupe na kandambili za bluu anampokea mgonjwa wake wa kwanza. Hamuulizi anaumwa wapi. Hamuulizi hata kama amelala salama, ingawa usiku kucha bunduki zilisikika upande wa milimani.

"Mama Asiya, leo utasalimia nani?"

"Hakuna mutu," anajibu mgonjwa, akijilaza kwenye kiti kirefu.

"Kweli? Hakuna harusi? Hakuna matanga? Wakwe hawapiti?"

"Wakwe wako kwao. Duka nimefunga. We ukiniuliza tena nitakasirika."

"Kasirika tu," anasema muuguzi, akiinua penseli nyeupe ya nyusi. "Ndiyo ile natafuta."

Muuguzi huyo ni Benite Cirimwami, mwenye umri wa miaka 43, mzaliwa wa Uvira, Kongo, ng'ambo ya mpaka. Hapa kliniki kila mtu humwita Mama Espoir, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kazi yake ni kumsaidia daktari kulegeza makunyanzi ya uso kwa sindano.

Ndiyo, makunyanzi. Hapa hapa Bujumbura, mwezi huu wa Machi 2005, katika mji ambao watu wake bado wanajua kutofautisha kwa sikio bomu lililo karibu na lililo mbali. Msomaji akicheka hatakuwa wa kwanza. Mwandishi wa makala haya naye alicheka, kisha akajikuta mbele ya kioo cha kliniki akivuta ngozi ya paji lake kwa vidole viwili, kuona angekuwaje.

Mama Espoir alimwona. Alitabasamu kwa namna ya mtu aliyekwisha kuona wengi wa aina hiyo.

Dawa yenyewe asili yake ni sumu, ile inayotokana na vijidudu vya chakula cha kopo kilichoharibika. Ikipunguzwa hadi kiasi kidogo mno na kuchomwa ndani ya msuli, msuli hulegea kwa miezi mitatu au minne, halafu huamka tena. Dokta Marcellin, mwenye kliniki, aliileta kwanza kwa ajili ya mhasibu mmoja ambaye macho yake yalikuwa yakijifumba yenyewe, mpaka akawa haendi kazini bila kushikwa mkono.

Mhasibu alipona kwa miezi kadhaa, na mke wake akaona jambo jingine. "Alikuja akaniuliza, kwa nini bwana yangu anarudi kijana na mimi nabaki pale pale?" anakumbuka Mama Espoir. Baada ya huyo wakaja rafiki zake, kisha rafiki za rafiki zake. Mji huu mdogo hauna siri.

Vichupa vya dawa huja kwa ndege kutoka Nairobi ndani ya sanduku la baridi. Umeme ukikatika, na hukatika, Mama Espoir huvizungushia chupa za maji yaliyoganda na kukaa karibu navyo kama anayelinda maziwa ya mtoto. Kichupa kikipata joto kinatupwa, hata kama bado kimejaa. Wajawazito hawachomwi. Wenye ugonjwa wa misuli hawachomwi. Anayekuja na picha ya msanii iliyokatwa gazetini na kusema "nataka kama hii" hupewa chai, huzungumzishwa kidogo, na mara nyingi hurudishwa nyumbani akafikiri.

Lakini swali la salamu halikutoka Nairobi wala halimo katika maelekezo ya dawa. Lilitoka kwa huyu huyu Mama Asiya aliyelala kwenye kiti.

Mama Asiya ana miaka 52. Ni mjane wa mtaa wa Buyenzi na muuza vitenge katika soko kuu. Katikati ya nyusi zake kuna mistari miwili iliyosimama wima, mirefu, ambayo haiondoki hata akicheka. Anasema ilianza mwaka ambao mumewe, dereva wa lori, hakurudi kutoka safari ya bara. Alikaa mlangoni akikodolea barabara macho, na uso ukazoea hivyo hivyo.

"Kutwa nzima watu wananiuliza, mama, umekasirika?" anasema. "Mi sijakasirika. Ni uso."

Sokoni ndita hizo hazikumdhuru. Wateja walilipa bei aliyotaja na kuondoka upesi. Balaa lilikuja Agosti mwaka jana, pale mwanawe Shaabani, aliyekimbilia Kigoma miaka tisa iliyopita na kuoa huko, alipomleta mkewe na binti yao kumwona bibi kwa mara ya kwanza. Mtoto anaitwa Hadidja. Ana miaka minne.

Hadidja alimtazama bibi yake mara moja, akapiga kelele na kujificha nyuma ya gauni la mama yake. Ikawa hivyo siku zote walizokaa. Bibi akiingia, mtoto anatoka. Bibi akitoa andazi, mtoto anaomba lipitie mikononi mwa mtu mwingine.

"Alimwambia mama yake, bibi amenikasirikia, twende kwetu," anasimulia Mama Asiya, na hapo sauti yake inapungua. "Mutoto wa mutoto wangu. Nimemungoja hata kabla hajazaliwa."

Shaabani anataka kurudi nyumbani moja kwa moja, vita vikiisha, akae na mama yake katika nyumba ya Buyenzi. Mkewe hakukataa, ila alisema neno moja ambalo Mama Asiya hamlaumu kwalo: mwanangu hawezi kulala nyumba moja na mtu anayemwogopa. Wakakubaliana kujaribu tena sikukuu ya Idd. Ndipo Mama Asiya aliposikia habari za kliniki ya Kinanira.

Alichomwa mwanzoni mwa Oktoba, wiki chache kabla ya mfungo. Mama Espoir alimpa maelekezo kama yalivyoandikwa: kwa saa nne, usiguse uso wako kwa mikono. Mama Asiya ni mtu wa kushika neno. Hakugusa.

Baada ya wiki moja kope la jicho lake la kushoto likaanza kushuka. Likashuka taratibu mpaka likafunika nusu ya jicho, na hapo likakaa.

Buyenzi hawakukosa maneno. Wako waliosema ni kijicho cha majirani. Sokoni ikasemwa kwamba Mama Asiya, mjane mwenye heshima zake, anakonyeza wateja. Muuza viazi mmoja, naye mjane, alikuja kununua kitenge ilhali nyumbani hana mwanamke wa kukivaa. Akarudi wiki ya pili kununua kingine.

Mama Asiya anaieleza sehemu hiyo huku akicheka mpaka anafuta machozi. Wakati ule hakucheka. Alimpigia mwanawe simu kutoka kibandani akamwambia wasije Idd, mji una fujo. Mji ulikuwa na fujo zake za kawaida. Ndita zilikuwa zimelegea kweli; alichokimbia ni mjukuu kumwona na jicho la kulala.

Alirudi kliniki amewaka. "Alitukuta hapa, mi na Dokta," anasema Mama Espoir. "Nikamuuliza, mama, ulijisugua? Akaapa kwa Mungu, apana hata kidole! Hata nzi alipotua nilimupepea na kanga! Na mi nikamuamini, kwa sababu alikuwa analia."

Basi wakamwomba asimulie siku ile yote, tangu alipotoka mlangoni. Alikwenda nyumbani. Adhana ya Adhuhuri ikamkuta, akatandika mswala, akasujudu, na kwa kuwa alikuwa na la kushukuru akakaa na paji lake chini kuliko desturi. Kisha akaenda kwenye harusi ya jirani. Bwana harusi alikuwa wa Uvira, na wakwe walikuja mabasi mawili.

Msomaji asiyewajua watu wa Kongo ya mashariki aambiwe kwamba wao hawasalimiani kwa mkono tu. Hugonganisha vichwa: panja la kulia, panja la kushoto, kisha paji kwa paji katikati. Na wakifurahi hawagusi, wanabisha hodi. Mama Asiya alisalimiana na basi la kwanza akiwa amesimama na la pili akiwa amekaa.

"Mulisema mikono," aliwaambia siku ile. "Mi mikono yangu ilishika pochi."

Mama Espoir anasema alitamani ardhi ipasuke. Yeye mwenyewe ni wa Uvira, amegonganisha vichwa tangu utoto, na haikuwahi kumjia akilini kwamba kichwa nacho hugusa.

Je, ni sijida na salamu zilizosukuma dawa hadi kwenye kope? Dokta Marcellin, mtu mpole anayefikiri kabla ya kujibu, hataki kuapa. "Pengine mimi nilichoma chini mno. Pengine dawa ilisukumwa. Inaweza kushuka hata kwa mtu aliyekaa kama sanamu," anasema. "Sasa sindano naipandisha juu ya mfupa wa jicho, dozi naipunguza, na salamu tunaziuliza. Siwezi kujua kosa lilikuwa lipi, basi narekebisha yote."

Dawa ya kulirudisha kope haikuwepo. Waliloweza kufanya ni kungoja. Mama Espoir alikwenda Buyenzi kila Jumamosi kulitazama, akipitia mjini kutoka Kanyosha anakoishi, hata siku ambazo njia ya Kanyosha haikuwa ya kuaminika. Idd ilipita. Kope likapanda lenyewe kidogo kidogo, na mwisho wa mwaka macho yakawa sawa. Ndita nazo, baada ya muda wake, zikarudi mahali pake.

Dokta alitaka kuacha kabisa kuchoma nyuso kwa ajili ya urembo. Alisema akiona jicho lingine kama lile atabaki na mhasibu wake tu. Na aliyerudi kugonga mlango, mwezi uliopita, alikuwa Mama Asiya. Shaabani alikuwa amepiga simu: wanakuja mwishoni mwa Machi, na safari hii ndiyo ya kuamua.

Ndiyo maana leo maswali ni mengi. Mama Espoir huwauliza Wakristo wa makanisa ya maombi kama leo wanaenda kuombewa, kwa sababu wako wachungaji wanaoshika paji la mtu na kulisukuma mpaka aanguke. Huwauliza wanaobeba beseni kichwani. Huwaambia wafunge kitambaa kwa kulegeza. Waislamu huwapa saa moja asubuhi: Alfajiri wameshaiswali nyumbani, na Adhuhuri ikifika dawa imeshatulia.

Sasa anaweka penseli tayari. Kalamu iliyokuja na dawa ni ya zambarau, haionekani vizuri kwenye ngozi zetu, kwa hiyo anatumia penseli nyeupe aliyoinunua sokoni.

"Nuna," anamwambia Mama Asiya.

Mama Asiya ananuna, lakini ni kununa kwa kuagizwa, kama mtoto anayepigwa picha.

"Mama Asiya, kile kitenge chako cha kijani chenye ndege. Mi nakitaka. Nitakupa nusu ya bei."

"Nusu? Ya wax ile? We unaota!"

Nyusi zinagongana. Penseli inashuka upesi, nukta huku, nukta kule, kabla hasira haijapoa. Dokta Marcellin anacheka kimyakimya akivuta dawa kwenye bomba.

"Uso ukiuagiza kazi unadanganya," Mama Espoir anaeleza. "Lazima uukute kazini."

Uzoefu huo hakuupata kwenye urembo. Alikuja Bujumbura mwaka 1998, vita vya kwao vilipomsukuma kuelekea kwenye vita vya wengine, na anasema njiani walipishana na Warundi waliokuwa wakikimbilia Kongo, wakatazamana tu. Kwa miaka mitano alifunga majeraha katika kituo kimoja cha afya, mengi ya usoni, ya vioo na vipande vya mabomu.

"Nilishona watu ambao hawakuniomba niwashone," anasema. "Huyu anakuja na miguu yake, anataka apendeze. Watu wengine wanasema ni upuuzi wakati wa vita. Mi nafurahi. Nalala nikiwa nimefurahi."

Mama Asiya anataka ndita zote ziondoke. "Toeni yote, ibaki kama sahani."

"Apana," anasema Mama Espoir. "Mutoto akikuta sahani ataogopa zaidi. Nyusi zitembee kidogo. Akicheka, aone na wewe unacheka."

"Tutatoa nusu," Dokta anakubali. "Kuongeza baadaye tunaweza. Kupunguza hatuwezi."

Sindano zenyewe hazichukui muda wa kunywa chai. Kinachochukua muda ni kukaa. Mama Asiya anawekwa kwenye kibaraza, amekaa wima, na Mama Espoir anavuta kigoda mbele yake kama askari wa mlango wa benki. Saa tatu inapita. Saa nne inapita. Wanazungumza bei ya mchele na kura ya maoni ya mwezi uliopita, kama kweli itatuliza mambo.

Karibu saa tano geti linafunguliwa, anaingia Mathilde, muuza samaki wa Uvira, amefuata dawa ya ngozi ya miguu. Anamwona Mama Asiya, mteja wake wa zamani. Uso unamkunjuka, mikono inafunguka.

"Ee Mama Asiya! Siku nyingi hivi!"

Anakuja mbio na kichwa kimetangulia. Mama Espoir anaruka kutoka kwenye kigoda, anajitia katikati, na salamu zote tatu zinamwishia yeye: kulia, kushoto, na ile ya katikati yenye mlio.

"Lakini we nilikusalimia jana kanisani!" anashangaa Mathilde.

"Nisalimie tena," anasema Mama Espoir, akijishika paji. "Mi sijachomwa."

Baada ya wiki mbili macho ya Mama Asiya yako sawa, kushoto na kulia. Ndita zimelegea, hazikufutika. Yeye mwenyewe ananung'unika kidogo mbele ya kioo: mmeniachia mistari. "Hiyo ni ya soko," Mama Espoir anamjibu. "Utauza na nini?"

Siku ya wageni, Mama Asiya anashikilia kwamba muuguzi wake awepo. "Kikiharibika, na we uone kwa macho," anasema. Kwa hiyo alasiri hiyo Mama Espoir amekaa kwenye mkeka Buyenzi, mikono katikati ya magoti, na mwandishi pembeni yake. Ndani kuna harufu ya maandazi ya moto. Hakuna anayekula.

Gari linasimama. Shaabani anashuka na masanduku. Mkewe anashuka akiwa amemshika Hadidja mkono, anaingia, na kubaki amesimama karibu na mlango na begi lake begani. Mtoto anajificha nyuma ya gauni la mama yake kama mwaka jana. Mama Asiya haendi kumkimbilia. Anakaa pale pale chini, anatabasamu, na nyusi zake zinapanda kidogo.

Jicho moja la mtoto linachungulia. Linakaa hapo muda mrefu. Kisha Hadidja anamuuliza mama yake, kwa sauti ya kutosha wote kusikia, "Bibi yule mwingine yuko wapi?"

"Bibi yupi?"

"Yule aliyenikasirikia."

Mkono wa Mama Asiya unakwenda katikati ya nyusi, kwa mazoea, kisha unashuka.

"Ametoka kidogo," anasema.

"Atarudi?"

Mama Asiya anamtazama Mama Espoir. Mama Espoir anajua jibu, naye hawezi kumdanganya mtu. Anaitikia kwa kichwa, polepole.

"Atarudi," anasema Mama Asiya. "Akirudi usimkimbie, mama. Hakukukasirikia. Alikuwa anakupenda sana, ila uso wake ndio ulikuwa vile."

Hadidja anafikiri. Anatoka nyuma ya gauni, anatembea mpaka kwenye sahani na kuchungulia kilichomo.

"Anakula maandazi?"

"Anakula sana."

"Basi tumwekee moja."

Anachagua kubwa, analiweka pembeni ya sahani, halafu anachukua lake na kukaa nalo kwenye mkeka, goti lake likigusa goti la bibi yake. Mama Asiya hajitikisi. Mlangoni, mke wa Shaabani anateremsha begi begani na kuliingiza chumba cha ndani.

Jua linakaribia kuzama Mama Espoir anapoaga, maana njia ya Kanyosha haisubiri mtu. Barabarani anaulizwa anatarajia nini baada ya hapa. Anasema angependa siku moja kuwafundisha wauguzi wa Uvira kazi ya nyuso, za majeraha kwanza na za urembo baadaye. Halafu anasimama, anageuka kuitazama nyumba walikotoka.

"Dokta hatapenda nikisema hivi," anasema. "Lakini mi naomba Mama Asiya asirudi tena kwangu. Ndita zitarudi, lakini pole pole, leo kidogo, kesho kidogo, na mutoto akiwa hapo hapo kila siku. Hataziona zikirudi. Atakuwa anamuona bibi yake tu."